Tuta la Darasa la Sita

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na ushee. Mtoto wa miaka 12 anayeitoa bombani mpaka nyuma ya darasa amekwisha kusoma nusu ya somo kabla sijafungua mdomo. Anaitua, anavipuliza viganja, anasema, "Shikamoo mwalimu. Haya maji mazito!" Marahaba. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na siku hiyo sina haja ya kuiandika ubaoni.

Nafundisha Sayansi na Teknolojia Dar es Salaam, si mbali na bonde la Msimbazi. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Kabla ya kufika huko, mvua zikikolea, hupitia majumbani mwa watu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na wengi waliopoteza nyumba wakapelekwa Mabwepande. Wanafunzi wangu walikuwa hawajazaliwa, lakini hakuna anayehitaji kuelezwa mafuriko ni kitu gani. Waulize alama ya maji kwenye ukuta wa kwao iko usawa gani, watakuonyesha kwa mkono: kiunoni, kifuani. Waulize kipi hupandishwa juu ya kabati kwanza, watabishana: huyu godoro, yule unga, mwingine cheti cha kuzaliwa.

Somo lenyewe ni kujenga tuta la kuzuia maji, na vifaa vyetu ni vya kuokoteza. Nusu ya pipa la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, limeinuliwa upande mmoja kwa tofali, chini mchanga. Upande wa bondeni kuna nyumba: boksi tupu la maziwa, ndani maharage matano, yaani baba, mama, bibi na watoto wawili. Kila kundi linapewa shilingi 2,000 za karatasi na duka langu lina bei zake. Kifuko cha mchanga kilichoshonwa kwa khanga kuukuu ni shilingi 100, kikombe cha udongo wa kichuguu 300, kipande cha nailoni 500. Dakika 30 za kujenga, kisha ndoo inamiminwa upande wa juu. Tuta lishike dakika tano. Harage moja likilowa, mmeshindwa.

Tuta la kwanza ni lilelile kila mwaka: refu, jembamba, limesimama wima kama ukuta wa uani. Watoto wamewahi kuona maji yakiruka juu ya kitu, kwa hiyo wanapambana na juu. Maji nayo hayana habari na juu. Yanalala pale, yanatulia kama mgeni mwenye adabu, halafu chini kabisa, mchanga unapokutana na kifuko cha kwanza, unatokea uzi mwembamba wa maji. Uzi unakuwa kidole, na kabla ya dakika ya pili bibi ameshalowa.

Hapo ndipo ufundi wa kufundisha unapoanza, na sehemu yake ngumu ni kunyamaza. Jibu ninalo. Lingenichukua sekunde kumi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalisema, nao walikuwa wanaliandika vizuri kwenye madaftari, na tuta la pili likabomoka palepale lilipobomokea la kwanza. Siku hizi nauliza swali moja tu: maji yalianza kupita wapi? Wanainama, wanagombana, wanaomba tumwage tena waangalie. (Methali ya ufa na ukuta nimeipiga marufuku siku hiyo. Kila mtoto anaijua, na haijawahi kumwonyesha hata mmoja ufa ulipo.)

Wakishaona kwa macho, mikono yao inapata akili. Wanagundua kuwa kifuko kilichojazwa mpaka kikavimba ni kibaya: viwili vikikaa pamoja vinagusana kama maandazi, katikati pengo. Kinachojazwa nusu, au theluthi mbili hivi, hulala na kujaza nafasi ya mwenzake, na ndivyo viroba vya kweli vinavyojazwa. Wanapanga kwa kupishanisha maungio, jambo ambalo mtoto yeyote mwenye mjomba fundi uashi ameliona tangu zamani. Wanachimba kidogo kabla ya kupanga. Na wanapanua kitako, shingo upande, kwa sababu kitako kinakula hela. Wazuia mafuriko wazoefu hufanya kitako cha tuta la viroba kiwe kama mara tatu ya kimo chake. Kundi moja lilifika karibu na kipimo hicho bila kuambiwa, nikatoka nje ya uzio kidogo nicheke peke yangu.

Kwa nini kitako? Natoboa chupa ya maji matundu matatu, la juu, la kati na la chini, naiweka ukingoni mwa meza. Tundu la chini ndilo linalorusha kwa nguvu. Kina kikiongezeka mara mbili, msukumo wote juu ya tuta unakuwa mara nne. Msichana mmoja aliwahi kuuliza kama ukuta unaozuia beseni na ukuta unaozuia bahari, kina kikiwa kimoja na maji yametulia, husukumwa sawa. Ndiyo, sawasawa. Kinachohesabika ni kina. Upana wa maji hauongezi kitu. Simon Stevin, mhandisi wa nchi ya matuta na mifereji, alikichapisha kitabu chake cha uzito wa maji mwaka 1586, na jambo hilo bado linawashangaza watu wazima. Yule msichana halikumshangaza sana. Alirudi kupunguza kimo cha tuta lake, hela iliyobaki akanunua udongo.

Kuna somo moja ninalolitoa mwenyewe bila kusubiri waligundue, maana si la mchezo. Maji yakichuruzika nyuma ya tuta yakiwa maangavu, mlinzi anayaangalia. Yakitoka na tope, tuta linaliwa ndani kwa ndani, na aliye nyuma yake aondoke.

Wiki ya tatu naweka nyumba mbili katika pipa moja, makundi mawili, kila moja kwenye kona yake. Kundi la kwanza kumaliza linafurahi: tuta zuri, mshazari, nyumba kavu. Maji yamekwenda kwa jirani. Kelele zinazofuata huwa zinamtoa mwalimu mkuu ofisini. Tumewahi kutumia kipindi kizima bila kumwaga tone, tukijadili nani amlipe nani, mpaka mvulana mmoja mpole akauliza kwa nini hatuutoboi mchanga katikati tuupe mto njia yake. Mradi wa Bonde la Msimbazi nao unakwenda upande huohuo: kuuachia mto nafasi, kuwahamisha walio katika mkondo, kuinua daraja la Jangwani. Sikumwambia siku hiyo. Ningemharibia.

Wazee waliosoma shule za kati, darasa la tano hadi la nane, watacheka wakisikia haya yakiitwa uhandisi. Wao walilima na kujenga, na mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akataka shule zote zifanye kazi za mikono. Tofauti ninayoiona ni ndogo, ila naitetea: bustani ya shule ilipokauka mtu alichapwa, na hapa tuta likibomoka mtu anaulizwa limebomoka wapi.

Rekodi yetu ni dakika nne na sekunde hamsini. Dakika tano hakuna kundi lililozifikia, na bei za dukani sitazishusha. Ila vifuko vinaoza kila mwaka. Kama nyumbani kwako kuna khanga kuukuu au viroba vitupu vya unga, vipeleke shule iliyo karibu nawe kabla ya masika.