Programu Ikiondoka, Cheti Kikabaki

Kuondoa programu katika Windows si sawa na kufuta folda yake, kwa kuwa usakinishaji wa kawaida huacha kumbukumbu katika rejista, yaani hazina ya mipangilio ya mfumo mzima, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayouonyesha mfumo amri ya kutekeleza pindi mtumiaji anapotaka programu iondoke. Programu zinazosakinishwa kupitia Windows Installer huwekewa pia nakala ya kifurushi chake katika folda iliyofichwa ya C:\Windows\Installer. Mtu anayetafuta nafasi kwenye diski akazifuta nakala hizo kwa kudhani ni takataka, baadaye hukutana na kosa namba 1612, linaloeleza kwamba chanzo cha usakinishaji hakipatikani. Hapo hulazimika kutafuta kifurushi cha toleo lilelile na kuanza upya. Kosa hilo husumbua, lakini angalau hujitangaza.

Hatari zaidi ni uondoaji unaomalizika bila ujumbe wowote wa kosa ilhali kazi haijakamilika. Mfano wake ulio wazi ni Superfish VisualDiscovery, programu ya matangazo ambayo ilikuwa tayari ndani ya baadhi ya kompyuta mpakato za Lenovo zilizouzwa katika miezi ya mwisho ya mwaka 2014. Ili kupenyeza matangazo hata katika kurasa za HTTPS, ambazo mawasiliano yake hufichwa kwa msimbo kati ya kivinjari na seva, programu hiyo ilijiweka katikati: iliupokea ukurasa, ikaufungua, kisha ikaukabidhi kwa kivinjari ukiwa na cheti kilichotengenezwa na Superfish yenyewe. Kivinjari hakikulalamika, kwa sababu cheti kikuu cha Superfish, yaani cheti kinachoidhinisha vyeti vingine, kilikuwa kimeingizwa katika hazina ya vyeti vinavyoaminiwa na Windows.

Mtumiaji aliyeiondoa programu hiyo kwa njia ya kawaida aliliona jina la programu likitoweka kwenye orodha ya programu, lakini cheti kikuu kilibaki palepale. Kompyuta zote hizo zilikuwa na cheti kimoja na ufunguo wa siri mmoja, nao ufunguo ulikuwa umefichwa ndani ya programu na kulindwa kwa nenosiri. Tarehe 19 Februari 2015 mtafiti wa usalama Robert Graham alieleza jinsi alivyoupata: aliyachota maneno yaliyokuwa katika kumbukumbu ya kompyuta wakati programu ikifanya kazi, akayajaribu moja baada ya jingine, na lililofungua likawa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza sehemu ya kunasa mawasiliano. Tangu hapo, yeyote mwenye ufunguo huo aliyetumia mtandao mmoja wa Wi-Fi na mwenye kompyuta angeweza kughushi cheti cha benki yoyote kikakubaliwa, hata pale ambapo programu ilikwishaondolewa. Kuacha mlango wa namna hiyo wazi ni kosa zito kuliko matangazo yenyewe.

Utatuzi ulihitaji hatua mbili: kuiondoa programu, kisha kufungua kidhibiti cha vyeti, certmgr.msc, na kukifuta cheti chenye jina la Superfish, Inc. katika tawi la vyeti vikuu vinavyoaminiwa. Kivinjari cha Firefox, kinachotunza hazina yake yenyewe ya vyeti, kilihitaji kusafishwa peke yake. Tarehe 20 Februari 2015 Microsoft iliiongezea Windows Defender uwezo wa kuondoa programu hiyo na cheti chake katika Windows, na Lenovo ikatoa zana yake.

Uhakiki nao ulitaka uangalifu. Kutazama cheti cha tovuti yoyote salama kungeonyesha jina la mtoaji halali, kwa sababu programu ya kunasa haikuwepo tena, na mtumiaji angeridhika bure. Ilimbidi airudie hazina ya vyeti na kuikagua, katika Windows na katika Firefox pia.