Mbegu za Ua la Usambara: Namna Mmea wa Mwambani Ulivyooteshwa Vitaluni

Mmea mdogo wenye maua ya urujuani, ambao hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, ni mmea wa mwambani kwa asili yake, na makao yake ya kwanza ni nyufa za mawe yenye kivuli na unyevu katika Milima ya Tao la Mashariki na katika misitu ya pwani iliyo karibu na milima hiyo, nchini Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu waliuita Saintpaulia, hadi mwaka 2015 ulipoingizwa rasmi katika jenasi ya Streptocarpus, jenasi ikiwa ni kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, na aina nyingi zilizohesabiwa zamani kuwa spishi kamili zikawa nususpishi za Streptocarpus ionanthus. Safari ya mmea huu kutoka msituni hadi madukani husimuliwa mara nyingi kama habari ya bahati ya mgunduzi mmoja, ilhali ikichunguzwa kwa jicho la mtu wa kitaluni hudhihirika kuwa ni habari ya mbegu: jinsi zilivyosafirishwa, jinsi zilivyooteshwa, na kile zilichobeba ndani yake.

Ushahidi wa kwanza wa hoja hiyo ni majaribio mawili yaliyotangulia, ambayo hayakuzaa chochote vitaluni. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikusanya mmea huu mwaka 1884, na mwaka 1887 ukakusanywa tena na W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa kazi yake ya kuhifadhi tungo za Muyaka. Sampuli zao zilifika bustani ya mimea ya Kew, karibu na London, zikiwa zimekaushwa na kubanwa katika karatasi, hali ambayo haikuwatosheleza wataalamu hata kuupa mmea jina, sembuse kuukuza.

Mambo yalibadilika miaka michache baadaye, pale Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga katika utawala wa Wajerumani, alipompelekea baba yake huko Ujerumani mbegu, na kwa baadhi ya maelezo mimea hai pia. Baba huyo, aliyekuwa mpenzi wa bustani, alizifikisha kwa Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover, ambaye aliikuza mimea hadi ikachanua na mwaka 1893 akaieleza kisayansi na kuipa jina la familia hiyo. Saint Paul alitaja mahali pawili alipouona mmea wenyewe, yaani miamba ya chokaa katika misitu ya karibu na mji wa Tanga, na msitu wa milimani wa Usambara. Miongo kadhaa baadaye B. L. Burtt, mtaalamu wa mimea wa Edinburgh, alionyesha kwamba katika mimea iliyokuzwa kutokana na shehena hiyo ya mwanzo mlikuwa na aina mbili, wala si moja kama ilivyodhaniwa. Mchanganyiko huo, ambao hakuna aliyeukusudia, unastahili kupewa uzito mkubwa kuliko unavyopewa kwa kawaida, kwa kuwa aina hizo mbili zilizaliana ndani ya vitalunyumba vya Ulaya, na tofauti zilizojitokeza kwa wazao wao ndizo zilizowapa wakulima cha kuchagua.

Ufundi wa kuotesha mbegu hizi unahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana ndipo mkulima aliyezoea mahindi au maharage hukosea. Mbegu moja ina urefu usiofika milimita moja, na kapsuli, yaani tunda kavu linalozihifadhi, huweza kubeba mamia yake. Kwa kuwa kila mbegu ina akiba ndogo mno ya chakula, haiwezi kusukuma chipukizi kupitia tabaka la udongo, na zaidi ya hayo huhitaji mwanga ili iamke. Kwa sababu hiyo mbegu hazifukiwi kamwe: hunyunyizwa juu ya mboji laini iliyochekechwa na kuloweshwa kabla, huku wakulima wengi wakizichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, kisha chombo hufunikwa kwa kioo ili unyevu usipotee na kuwekwa penye mwanga usio wa jua kali, katika joto la nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi. Maji huingizwa kutokea chini, kwa kukisimamisha chombo ndani ya sinia lenye maji, kwani hata tone moja la kopo la kumwagilia hutosha kuzihamisha mbegu zote na kuzikusanya pembeni. Masharti haya yote ni nakala ya mwamba wa Usambara, ambako mbegu hudondoka juu ya kuvumwani, yaani mimea laini ya kijani inayotanda juu ya mawe yenye unyevu, ikapata mwanga hafifu uliochujwa na majani ya miti mikubwa bila kufunikwa na kitu chochote.

Kwa kawaida machipukizi huonekana baada ya wiki mbili hadi nne, yakiwa madogo kiasi cha kudhaniwa ukungu wa kijani, na hicho ndicho kipindi cha hatari zaidi. Unyevu uleule unaoiamsha mbegu huwaalika kuvu wanaosababisha kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche usawa wa udongo, hivyo kifuniko huanza kufunguliwa kidogo kidogo ili hewa izunguke bila miche kushtuka. Miche huhamishwa inapokuwa na majani machache yanayoshikika, nayo huchanua kwa mara ya kwanza takriban miezi minane hadi kumi tangu kuoteshwa. Hata baada ya hapo maji baridi kuliko jani hayafai kuligusa, kwa sababu mshtuko wa baridi huharibu chembe za kijani zilizo chini ya ngozi ya jani na kuacha madoa yasiyofutika.

Kupata mbegu zenyewe vitaluni kulihitaji pia kuelewa jambo ambalo msituni hutendwa na nyuki. Chavua, yaani unga wa kiume wa ua, hufungiwa ndani ya vifuko viwili vya manjano ambavyo havipukutishi unga wake ovyo, na nyuki wa porini huutoa kwa kuvishika vifuko hivyo na kuvitetemesha kwa misuli ya mabawa. Ndani ya kitalunyumba hakuna nyuki wa namna hiyo, hivyo mkulima hukipasua kifuko kwa ncha ya wembe, akaichukua chavua kwa brashi ndogo na kuigusisha kwenye stigma, ambayo ni sehemu ya kike inayoipokea. Kisha husubiri, kwa kuwa kapsuli huchukua miezi minne hadi sita, na pengine zaidi, kukomaa na kukauka.

Kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt ndiyo iliyozifanya mbegu hizi kuwa bidhaa, na kabla ya karne ya 19 kwisha ilikuwa tayari inauza aina zenye rangi zilizotofautiana kidogo na urujuani wa asili. Hata hivyo, kazi yenye matokeo makubwa zaidi ilifanyika Los Angeles, ambako mwaka 1926 kampuni ya Armacost & Royston iliagiza mbegu kutoka kwa Benary na kutoka kwa Suttons ya Uingereza, ikaotesha miche ipatayo elfu moja, ikaichuja hadi kubaki mia, kisha kumi, na mwaka 1936 ikaiingiza sokoni aina hizo kumi, mojawapo ikiwa Blue Boy. Ukali wa uchujaji huo, uliochukua miaka kumi na kutupa miche karibu yote, ndio unaostahili sifa kuliko ubora wa mche wowote mmoja.

Baada ya hapo mbegu iliachwa nyuma na jani. Jani moja lenye kikonyo chake, likichomekwa katika mboji yenye unyevu, hutoa mizizi na kisha vimche vinavyofanana na mama kwa urithi wote, njia ambayo ni rahisi na ya hakika kwa mfanyabiashara. Ni kweli kwamba mabadiliko ya ghafla ya urithi yalijitokeza pia katika nakala hizo, na maua ya waridi pamoja na yale yenye petali maradufu yalipatikana hivyo kutoka kwa Blue Boy karibu na mwaka 1940. Lakini kuunganisha sifa mbili zilizo katika mimea miwili tofauti hakuwezekani kwa jani, bali kwa uchavushaji na mbegu tu.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa zaidi Usambara kwenyewe, ambako miti ya kivuli inapokatwa mwamba hukauka na kundi zima la mimea iliyoushikilia hufa. Mbegu zilizoondoka miaka ya 1890 ziliondoka bila mkataba, kwa sababu ni Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 uliotambua haki ya nchi ya asili juu ya urithi wake wa kibayolojia na kudai igawiwe faida. Pengo hilo la miaka mia moja ni dhuluma kwa milima iliyoutoa mmea huu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda sehemu ya msitu wa Usambara, lakini pale ambapo kundi limeshapungua, kurudishia miche iliyotokana na jani la mmea mmoja ni kuujaza mwamba nakala zenye udhaifu uleule. Kazi hiyo hudai kapsuli zikusanywe kwa kiasi kidogo kutoka kwa mimea mama mingi, mbegu za kila mwamba zitunzwe katika bahasha yake zikiwa kavu na baridini, zioteshwe bila kuchanganywa na za bonde la jirani, na miche irudishwe msituni mvua za masika zinapoanza, upande wa jiwe usiofikiwa na jua la mchana.