Pilipili ya Nini katika Sahani ya Stu?

Filamu ya Mrs. Doubtfire, ambayo Chris Columbus aliiongoza mwaka 1993 kutokana na riwaya ya Anne Fine, haihitaji kusimuliwa kwa msomaji wangu wa Bukima. Lakini kila niitazamapo hunishika ghadhabu ile ile pale katika mkahawa wa Bridges, Daniel Hillard, baba aliyetalikiwa na kujigeuza yaya wa kikongwe ili awe karibu na wanawe, anapoingia jikoni kwa siri na kumwagia pilipili chakula cha Stu, mpenzi mpya wa Miranda aliyekuwa mkewe, hali amekwisha kusikia kwamba pilipili humdhuru. Lilikuwa kosa dhahiri, tena kosa la ufundi kabla halijawa kosa la adabu.

Tuutazame mpango wa kadhia yenyewe. Kazi na aila zimemwita mtu mmoja wakati mmoja: meza hii ameketi Bwana Lundy wa televisheni, ambaye riziki ya Daniel imo mkononi mwake; meza ile wameketi Miranda, aliyeandaliwa karamu ya siku yake ya kuzaliwa, watoto watatu na Stu, wakimngoja yaya wao. Mavazi ni mawili, na mahali pa kubadilishia ni chooni. Mtunzi aliyejaaliwa kupanga hivi hana haja ya msaada kutoka nje, kwa maana kila bilauri anayokunywa kwa Lundy inamlegeza akili, na kila safari ya chooni inamzidishia haraka, mpaka anakwenda kuketi mbele ya Lundy na gauni lake na uso wake wa kikongwe. Kosa hilo limezaliwa na mzigo wenyewe, na kwa hiyo linachekesha. Hata kipindi kipya cha televisheni anachokipata kwa kujitetea ni tunda lake halali.

Meza ya pili, kwa bahati mbaya, haikupewa insafu hiyo. Ili Miranda aujue ukweli, ililazimu Stu atiwe pilipili, apaliwe na kamba, Daniel amkimbilie kumwokoa, na barakoa ibanduke katika purukushani: ajali juu ya ajali, wala hata moja haikutokana na taabu ya baba anayegawanyika baina ya ajira na wanawe. Ubaya zaidi, mtu aliyemdhuru mgeni anageuka mwokozi wake, na filamu haimdai jibu. Nimekwisha kusema mara nyingi, na wachekeshaji wetu wa leo wanaotegemea gauni, mayowe na makofi hawapendi kusikia, kwamba kicheko cha kuumiza mtu ni kicheko cha mkopo. Marehemu King Majuto wa Tanga aliweza kutuvunja mbavu kwa kunyamaza tu na kukodoa macho.

Wala mfano bora haukukosekana. Charlie Chaplin, katika The Kid ya mwaka 1921, ni fundi vioo anayelea mtoto wa kuokota: mtoto anatangulia kuvunja madirisha kwa mawe, baba anapita nyuma na vioo mgongoni, na askari anaanza kushuku. Hapo kazi ndiyo malezi, malezi ndiyo hatari, na hatari ndiyo kicheko. Hakuna sumu wala sadfa.

Nakiri upodozi ulistahili Oscar yake, na uamuzi wa kutowarudisha Daniel na Miranda katika ndoa ni wa kiungwana. Mazungumzo ambamo Miranda anamwambia yaya jinsi alivyokuwa akilia usiku pasipo mumewe kujua ni mazuri kabisa, na ndiyo yanayonizidishia uchungu, kwa sababu mama anayetafuta riziki na kulea, ambaye sisi tunaowaona wachuuzi wa samaki wa Mwigobero tunamjua vyema, alistahili kuugundua ukweli kwa akili yake mwenyewe.

Watetezi wa filamu hii hudai kwamba pasipo pilipili barakoa isingalitoka. Si kweli. Lydia na Chris, wawili kati ya wale watoto watatu, waliokwisha kuijua siri, walikuwapo mezani, nao wakaachwa bila kazi ya maana. Ingalitosha kosa lile lililotokea kwa Lundy lirudiwe kinyume chake: Daniel arudi kwa Miranda na koti lake la kiume na ile sauti ya kibibi, watoto wawili wainamishe nyuso, naye Miranda awatazame wao kwanza, kisha amgeukie baba yao.