Kinyago na Maandishi Yake

Ewe msomaji, ukisimama ufukoni Muhuru Bay utayaona mafunjo, ambayo wenyeji wa Ziwa Viktoria husukia mikeka. Watu wa Misri ya kale, waliokaa kando ya Mto Naili utokao katika ziwa hili hili, waliyafanyia karatasi. Karatasi zilipochakaa hawakuzitupa zote; nyingine walizigandisha tabaka juu ya tabaka, wakazipaka chokaa na rangi, zikawa vinyago vya kufunika nyuso za maiti wao. Hivyo ndani ya kinyago huweza kukaa barua, hesabu na mashairi yaliyoandikwa zamani zaidi ya miaka 2,000. Baadhi ya wataalamu waliviyeyusha vinyago kwa maji ili wayapate maandishi. Je, walitenda haki?

Tusiwahukumu kabla ya kuwasikiliza. Sehemu za tamthilia ya Menander, mtunzi wa Kiyunani, iitwayo Sikyonios, zilipatikana katika magamba ya maiti yaliyotengenezwa vivyo hivyo. Yasingalifumuliwa, tusingalizisoma. Faida hiyo si ndogo.

Hata hivyo, hoja yao ina upungufu. Wao huona kinyago kuwa ganda, na maandishi kuwa tunda. Lakini kinyago nacho ni waraka: kina mkono wa fundi, rangi zake, na matumaini ya waliomzika mtu wao. Akiyeyushaye husoma ukurasa mmoja na kuuchoma mwingine. Tazama kuta za Thimlich Ohinga, katika kaunti hii ya Migori, zilizoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2018. Zimejengwa kwa mawe matupu. Jiwe hushikwa na jiwe. Ukiyang'oa upate kujua yalivyoshikana, umekwisha kukivunja kile ulichotaka kukijua.

Tena subira hulipa. Gombo la En-Gedi, lililoungua likawa kama kaa, lilipatikana mwaka 1970. Halikuweza kufunguliwa bila ya kuvunjika, nalo likatunzwa. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba picha za eksirei na kompyuta zimeyafunua ndani yake maneno ya kitabu cha Mambo ya Walawi, wala hapana mkono uliolikunjua.

Basi, kijana, siku utakapookota kitu cha kale, izuie pupa yako. Kisichosomeka leo huenda kikasomeka kesho. Kilichoyeyushwa hakitasomwa tena na mtu yeyote.