Herufi na Hasara: Usahihi wa Lugha katika Maandishi ya Soko la Kibuye

1.0 Utangulizi

Soko la Kibuye, lililo kando ya barabara itokayo katikati ya Kisumu kuelekea Kakamega, hufurika watu zaidi siku ya Jumapili. Mitumba, samani, nafaka, kuku na samaki wa Ziwa Viktoria huuzwa hapo kwa Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, na biashara hiyo huandamana na maandishi: kibao cha mbao, kipande cha katoni chenye bei, daftari la madeni, ujumbe wa simu. Maandishi haya hayana mhariri. Aghalabu wasomi huyataja ili kuyacheka au kuyasahihisha tu. Makala haya yanauliza iwapo yafaa kuyapima kwa kipimo kile kile kinachotumiwa kupimia insha ya darasani, na yanadai kwamba uzito wa kosa hautokani na kanuni iliyovunjwa, bali na hasara inayomfika msomaji.

2.0 Tahajia Sanifu Ilimfaa Nani?

Tahajia inayotetewa leo ina umri mdogo kuliko fasihi andishi ya Kiswahili. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Kufikia wakati huo Muyaka bin Haji alikwisha kufariki takriban miongo tisa. Mashairi ya enzi yake yaliandikwa kwa hati za Kiarabu ambazo, kwa desturi, hazikutenga i na e, wala u na o. Msomaji aliyaelewa kwa kuwa alikwisha kuijua lugha, mahadhi na mara nyingi shairi lenyewe. Kwa hiyo tahajia sanifu haikuleta maana mahali ambapo haikuwapo. Ilimfaa msomaji mgeni, asiyemjua mwandishi wala mazingira yake. Kadiri mwandishi na msomaji wanavyokuwa karibu, ndivyo mzigo wa herufi unavyopungua. Kadiri wanavyotengana, ndivyo unavyozidi.

3.0 Uhuru wa Mshairi na Uhuru wa Mchuuzi

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili una msamiati kamili wa ukiukaji. Neno likifupishwa ni inkisari. Likirefushwa ni mazida. Likibadilishwa irabu ya mwisho kwa ajili ya vina ni tabdila. Na mpangilio wa maneno ukivurugwa, wahakiki hawaoni haya kuuita kuboronga sarufi. Hali kadhalika, hakuna mhakiki makini ambaye angeisahihisha Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla ili Kimvita chake kigeuzwe kuwa Kiunguja. Anayempa mshairi uhuru huo na kumnyima mchuuzi anadaiwa sababu.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mshairi anaijua kanuni anayoivunja. Hata hivyo, ujuzi huo hauko kwa mshairi peke yake. Tuseme kibao kinatangaza "viatu kali". Upatanisho wa kisarufi unadai "vikali". Lakini katika Kiswahili cha mijini nchini Kenya, "kali" lisilobadilika limekuwa neno la sifa. Likipewa kiambishi chake, laweza kurejea katika ukali wa pilipili na wa mbwa, na viatu visinunuliwe. Hapa mwandishi amechagua.

Ama kuhusu asiyechagua, naye hahukumiwi kwa pupa. Mchuuzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Dholuo, isiyo na sauti sh, huenda akaandika "suka" badala ya "shuka". Katika kamusi hayo ni maneno mawili tofauti. Kibandani, shuka zenyewe zimetundikwa juu ya kibao, na hakuna mteja atakayedhani anaitwa kusukwa nywele. Vivyo hivyo "ngombe" isiyo na kibainishi chake haijampoteza mnunuzi wa nyama.

4.0 Mahali Herufi Inapouma

Mambo hubadilika daftari linapofunguliwa. Kati ya "nimelipa" na "nimelipwa" kuna herufi moja, lakini herufi hiyo huamua ni nani aliyetoa fedha na ni nani aliyepokea. Katika chama cha mikopo, anayeandika kwamba "anamthamini" mwenzake amemsifu. Anayeandika kwamba "anamdhamini" amejifunga kulipa deni lake. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, fedha nyingi nchini Kenya hupita simuni, na mapatano mengi huandamana na ujumbe mfupi. Ujumbe huo huandikwa kama mazungumzo, lakini ugomvi ukizuka husomwa kama hati. Msomaji wake wa mwisho aweza kuwa chifu au hakimu, mtu mgeni kabisa. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa kuongeza kwamba hata yenye daftari hupotea iwapo daftari halisomeki kwa namna moja.

5.0 Kicheko na Kimya

Walimu wana hofu yao. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na ngeli ni mtihani mgumu kwa mtoto ambaye Dholuo yake haina upatanisho wa aina hiyo. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kalamu nyekundu ikitolewa darasani na kupelekwa sokoni huzaa kimya. Mgeni kutoka Ulaya akikosea ngeli husifiwa kwa kujaribu. Mwenyeji wa Kisumu akikosea ngeli iyo hiyo huchekwa, na kesho huandika Kiingereza, au haandiki. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo ni hafifu ikiwa wananchi wanaogopa kuiandika lugha yenyewe.

Lakini kumwambia mchuuzi kwamba kila aandikalo ni sawa ni kumdharau kwa njia nyingine, kwani ni kumnyima silaha ambayo mdeni wake aliyesoma anayo.

6.0 Hitimisho

Usahihi una thamani katika maandishi ya kawaida, ila thamani hiyo haigawanyiki sawasawa. Kibao cha viatu kiachwe kipumue. Daftari la madeni lifundishwe kwa makini, herufi kwa herufi, na mwalimu wa Kiswahili hatakosa mifano akianza somo la kauli ya kutendwa kwa nimelipa na nimelipwa.