Mwachieni Mwenye Diski Fujo Yake

Mwaka wa 2014, Makumbusho ya Andy Warhol kule Pittsburgh, Marekani, yalitangaza kwamba picha alizochora Warhol kwa kompyuta ya Amiga mwaka wa 1985 zimepatikana. Kampuni ya Commodore ilikuwa imemchukua ainadi mashine hiyo. Akafa 1987, diski zikabaki stoo ya makumbusho miaka na miaka, hadi klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilipozisoma. Magazeti yakashangilia: mkebe wa supu ya Campbell's, Venus mwenye macho matatu. Sawa. Lakini sehemu tamu ya hiyo stori ilipitwa mbio.

Karibu diski zote zilikuwa za programu na za kuwashia mashine. Hakuna kitu juu yake kilichosema hapa kuna sanaa. Warhol alikuwa akisevu kazi yake mlemle ndani ya diski za programu, vile mtu huandika shairi nyuma ya kitabu cha hesabu. Angekuja mtu nadhifu na masanduku mawili, moja la kazi za msanii na lingine la "programu, hizi tunazo", picha zingetupwa mchana peupe.

Waliozisoma walikutana kwanza na majina: campbells.pic, marilyn1.pic. Halafu wakagundua faili zenyewe ziko katika muundo usiojulikana kabisa. Kwa muda huo, kazi ya Warhol ilikuwa orodha tu. Na bado orodha hiyo inasomeka! Msanii anapewa chombo kipya kabisa, na anachokimbilia ni supu na Marilyn, vitu vyake vya 1962. Hayo unayajua kabla hujafungua faili hata moja.

Ndiyo maana huwa nakasirika nikiona vile wapenzi wengi wa kompyuta za zamani "hupanga" diski. Tuseme mtu amepata sanduku la diski za Commodore 64, ile mashine ya 1982. Anatoa faili moja moja, anazipa majina mapya, anafuta zinazojirudia, anapanga kwa alfabeti, michezo huku, barua kule. Kwake huo ni usafi. Kwangu ni kama kuhariri shajara ya mtu ukitumia kamusi.

Diski hizo hazikuwa na folda. Upande mmoja ulibeba majina yasiyozidi 144, kila jina herufi 16 mwisho, na diski mpya ilikuonyesha bloku 664 za nafasi. Halafu hakuna tarehe. Kisomeo cha 1541 hakikuandika popote faili ilisevuwa lini. Saa pekee uliyo nayo ni mfuatano wa majina, na hata hiyo imepinda, kwa sababu ukifuta faili, jina jipya huingia kwa pengo la lile la kwanza. Kwa hivyo jina lililoketi juu kabisa, katikati ya wazee, linaweza kuwa mgeni aliyekalia kiti cha marehemu. Mhakiki yeyote angefurahia fumbo kama hilo. Ukipanga kwa alfabeti, umeivunja saa.

Kuna waliofanya orodha yenyewe iwe maandishi. Waliingiza majina yasiyo na chochote nyuma yake, mistari ya vistari, salamu, ili kugawa orodha kwa sura. Wengine wakachora picha nzima kwa alama za kibodi, jina juu ya jina. Panga hiyo kwa alfabeti uone: mistari yote inarundikana mahali pamoja na picha inabomoka.

Na kufuta hakukuwa kufuta. Mashine ilibadilisha baiti moja kwenye orodha na kutangaza nafasi iko wazi. Maneno yenyewe yalibaki pale hadi yaandikwe juu. Sasa, nakala ya diski nzima, ile inayoitwa D64, baiti 174,848, huchukua kila sekta, waliofutwa wakiwemo. Ukinakili faili moja moja unabeba walio hai peke yao. Anayechagua njia ya kunakili ameshaamua nini ni maandishi na nini ni takataka, kabla msomaji hajafika.

Ati mtu atatafutaje kitu kwa hiyo fujo? Andika orodha yako pembeni, kwa faili lako. Chuo Kikuu cha Emory kilifanya vizuri na kompyuta za Salman Rushdie: mwaka wa 2010 kilianza kuwaruhusu watafiti kuingia kwenye mashine yake moja kupitia programu inayoiga ile ya zamani, wakaona meza yake ilivyokaa, na mambo ya siri yakazuiwa.

Siri ndiyo kesi ngumu, sibishi. Rushdie aliziuza nyaraka zake akijua. Yule aliyefuta barua kwenye Commodore yake alidhani imeenda. Mimi ningenakili diski nzima, nisichapishe, kisha nimtafute mwenyewe nimuulize. Wengi bado wako: aliyekuwa na miaka 12 mwaka wa 1985 hajafika hata 60.