Neno "Reverend" na Jina la Mchungaji

Katika mialiko na matangazo ya Kanisa yamezidi maneno "Mheshimiwa Mchungaji", na wako wanaodhani kuwa hiyo ndiyo tafsiri kamili ya neno la Kiingereza "Reverend". Hatukubaliani nao.

Neno hilo latoka katika Kilatini, reverendus, yaani mtu anayepaswa kuheshimiwa. Halisemi kwamba anaheshimiwa. Lasema kwamba wengine wanawiwa kumheshimu. "Mheshimiwa" ni neno la kutendwa, nalo hudai kwamba heshima imekwisha kutolewa. Lililo karibu zaidi ni "mstahiki", lakini hilo tumempa meya! "Mchungaji" halitafsiri lolote kati ya hayo. Lataja kazi, na deni la kazi liko juu ya mwenye jina, si juu ya wanaomwita.

Huko Kilambo, mpakani kusini mwa Mtwara, ambako kivuko huvuka Ruvuma kwenda Namoto maji yakiruhusu, jambo hili huonekana wazi. Ng'ambo, kwa Kireno, mtumishi yule yule aweza kuitwa reverendo au pastor, na hilo la pili ndilo Mchungaji wetu. Wamakonde wa pande zote mbili humwita mzee nang'olo, pasipo kuongeza sifa. Hata siasa ilikuwa na unyenyekevu wake: huku "ndugu" lilishika baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kule "camarada" chini ya FRELIMO. Vyama vingi viliporuhusiwa nchini mwaka 1992, "Mheshimiwa" likapanda jukwaani kwa nguvu, na kutoka jukwaani likaingia kanisani. (Lingezama mtoni tusingelia.)

Sasa Mkristo wa Kilambo atumie neno moja kwa mbunge aombaye kura na kwa mchungaji amzikiaye mtoto wake. Je, wazee wa usharika watamwonyaje mtu waliyekwisha kumtukuza kabla hajafungua kinywa? Luther, akiwaandikia wakuu wa Ujerumani mwaka 1520, alifundisha kwamba Wakristo wote ni wa daraja la kiroho, na tofauti yao ni ya huduma tu. Paulo naye, katika 1 Timotheo 5, aifunga heshima maradufu ya wazee na taabu yao katika neno na mafundisho. Na katika sura hiyo hiyo aweka utaratibu wa kupokea mashtaka juu ya mzee, kwa mashahidi wawili au watatu, na wa kumkemea mbele ya wote.